NGAMIA ALIYESHINDWA MBIO, NA VIBONDE WANAOWAANGUSHA VIGOGO



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, leo naandika juu ya mpira. Najua wapo watakaosema, "Shehe naye kaishiwa mada." Nasema hapana. Vijana wetu wanaujua mpira kuliko wanavyoijua Juzuu Amma, na mwalimu huanzia pale mwanafunzi alipo. Na mimi mwenyewe nina timu yangu ya ligi ya nyumbani. Siitaji hapa, maana nikiitaja nusu yenu mtaacha kusoma.

Kombe la Dunia linaanza Juni 11 mwaka huu wa 2026, huko Marekani, Canada na Mexico. Kabla halijaanza nina neno, na neno lenyewe nimekaa nalo tangu mwaka 2022. Someni mpaka mwisho, tafadhali.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 22 Novemba 2022. Hapa kwetu Litapunga mvua zilikuwa zimeanza kugusa na watu wako mashambani. Nikaswalisha Adhuhuri saa saba na robo. Safu ya vijana ilikuwa na watu wawili. Wengine wote walikuwa kwenye kibanda umiza, maana saa saba kamili Argentina ilikuwa inacheza na Saudi Arabia kule Qatar.

Saa nane na dakika chache nikasikia kelele. Kwanza kelele moja kubwa, kisha baada ya dakika tano kelele nyingine. Nikadhani Messi kafunga. Kumbe Messi alikwishafunga mapema, kwa penati, dakika ya 10. Hizi zilikuwa kelele za Saudi Arabia: Saleh Al-Shehri dakika ya 48, na Salem Al-Dawsari dakika ya 53. Mpira ukaisha mbili kwa moja. Argentina ilikuwa haijafungwa katika mechi 36 mfululizo. Saudi Arabia ilikuwa ya 51 katika orodha ya FIFA. Duniani kote watu walishika vichwa.

Baada ya Magharibi mama mmoja wa jamaa yetu akaja nyumbani. Hakuingia sebuleni. Alikaa uani na mke wangu, kisha nikaitwa. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na mbili, alipewa shilingi 140,000 akanunue mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku. Hakununua. Aliziweka zote kwenye simu, akabeti Argentina itashinda. Faida aliyoitarajia haikufika hata elfu thelathini. Nilipomuuliza mbona uliweka pesa nyingi kwa faida ndogo namna ile, alinijibu maneno ambayo sijayasahau: "Shehe, sikuona kama nabeti. Niliona kama naweka benki. Argentina haiwezi kufungwa na wale."

Haiwezi kufungwa na wale.

Ndugu zangu, shikeni neno hilo. Nitarudi kwake.

NGAMIA WA MTUME (s.a.w.)

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa. Anatusimulia Anas bin Malik (r.a.), na habari hii imo katika Sahih ya Imamu Bukhari, kwamba ngamia huyu alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui mmoja, mtu wa jangwani, amepanda ngamia mchanga tu. Wakashindana. Ngamia wa bedui akamshinda Al-Adhbaa.

Maswahaba ikawauma sana. Fikirini: ngamia wa Mtume, mbele ya watu, anashindwa na kidume kidogo cha bedui! Mtume (s.a.w.) akaliona hilo katika nyuso zao. Hakumlaumu bedui, hakusema mbio zirudiwe, hakusema kuna hila. Aliwafundisha kwamba hiyo ni kanuni ambayo Allah amejiwekea: hakuna kitu cha dunia kinachopanda juu ila Yeye hukishusha.

Basi kibonde kumwangusha kigogo si jambo geni katika dini yetu. Tumefundishwa namna ya kulitazama. Ajabu ni kwamba kila likitokea sisi tunashangaa upya, kama watu wasiosoma.

Sasa tutazame yaliyotokea hapa jirani zetu na duniani, tuone Allah anatufundisha nini. Nina mafunzo manne.

FUNZO LA KWANZA: KIBONDE HASHINDI KWA BAHATI

Baada ya ile mechi, wapo walioniambia, "Shehe, umeona? Waislamu wameshinda, ile ni karama." Nikawauliza: siku nne baadaye Saudi Arabia ilifungwa na Poland mbili bila, kisha ikafungwa na Mexico mbili kwa moja, ikamaliza ya mwisho kwenye kundi. Je, karama iliisha? Na Sudan ilipoitoa Algeria mwaka jana, dua za nani zilikataliwa, na wote wanaelekea kibla kimoja? Tusiufanye Uislamu wetu kuwa ubao wa matokeo. Siku timu ikifungwa mtawaambia nini watoto wenu?

Ukweli ni huu. Siku ile Saudi Arabia walikuja na mpango. Mabeki wao hawakujificha golini. Walipanda juu karibu na katikati ya uwanja, wakaweka mtego wa kuotea. Kipindi cha kwanza Argentina walitia mpira wavuni mara tatu zaidi, na mara zote tatu bao likakataliwa kwa kuotea. Mtego kama huo unataka mabeki wote wapande pamoja kwa hatua moja. Mmoja akibaki nyuma, wameisha. Hayo hayaji kwa bahati. Yanakuja kwa mazoezi mpaka miguu inajua yenyewe.

Na kocha wao, Mfaransa Hervé Renard, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Ndiye aliyewafundisha jirani zetu Zambia mwaka 2012 walipochukua Kombe la Afrika. Mnaikumbuka? Fainali ilikuwa Libreville, Gabon, tarehe 12 Februari, dhidi ya Ivory Coast ya kina Drogba. Sare bila mabao, wakashinda kwa matuta nane kwa saba. Na ni kutoka mji huohuo wa Libreville ndege yao iliruka mwezi Aprili 1993 ikaanguka baharini, wakafa watu wote 30, kumi na wanane kati yao wachezaji wa timu ya taifa. Kabla ya fainali vijana wa 2012 walikwenda ufukweni kuwakumbuka wenzao wa 1993. Kati ya msiba ule na kombe lile ilipita miaka kumi na tisa. Waliozika waliendelea kufundisha watoto mpira.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndiyo amtegemee Allah. Kibonde anayeshinda ni yule aliyemfunga ngamia. Wewe unayekaa kijiweni tangu asubuhi ukisema "Allah atajaalia", ngamia wako uko wapi, na kamba iko wapi?

FUNZO LA PILI: ASIYE NA UWANJA PIA ANAWEZA

Agosti mwaka jana, 2025, Tanzania, Kenya na Uganda tuliandaa mashindano ya CHAN, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za ndani ya nchi zao. Sudan wakapangwa Zanzibar, uwanja wa Amaan, kundi moja na Senegal waliokuwa mabingwa watetezi, Nigeria na Congo Brazzaville.

Sasa fikirini. Mashindano ya wachezaji wa ligi ya nyumbani, na hawa nyumbani kwao kunawaka. Vita ilianza Sudan tarehe 15 Aprili 2023. Klabu kubwa za Omdurman, Al-Hilal na Al-Merrikh, zilikwenda kucheza ligi ya Mauritania, upande wa pili wa Afrika. Mchezaji anafanya mazoezi huku hajui nyumba yao kama ipo.

Watu hao, chini ya kocha wao Mghana Kwesi Appiah, tarehe 12 Agosti wakaifunga Nigeria mabao manne bila. Manne! Wakatoka sare na Senegal. Robo fainali wakaitoa Algeria kwa matuta. Nusu fainali, Dar es Salaam, wakafungwa bao moja na Madagascar katika muda wa nyongeza. Wakamaliza wa nne.

Nina jirani yangu, mzee, si Muislamu. Alikuja nchi hii mwaka 1972 akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, wakimbizi kutoka Burundi, akakulia Katumba. Leo ni raia kama mimi. Siku ya Sudan na Nigeria alikuja kwangu na redio yake, maana betri zake zilikuwa zinaisha na mimi nina sola. Lilipoingia bao la nne hakushangilia. Alisema tu, "Shehe, mtu aliyefukuzwa kwao akipata mahali pa kusimama, msimame naye mbali kidogo. Ana nguvu huyo."

Nimeyawaza maneno hayo. Maswahaba waliohama Makka waliacha nyumba na mali. Mwaka wa pili tu wa Hijra, huko Badri, walikuwa mia tatu na zaidi kidogo mbele ya watu wapata elfu moja. Mimi silinganishi jihadi ya Mtume (s.a.w.) na mpira, Allah anilinde na hilo. Mpira ni mchezo. Nasema tu kwamba kanuni ya Allah tunayoisoma katika Suratul Baqara, katika kisa cha Taluti na Jaluti, kwamba uchache haumzuii mtu kushinda Allah akipenda, inaonekana katika mambo makubwa na inaonekana hata katika madogo.

Wenzetu wa Zanzibar nao wanayajua haya. Machi 2017 walipokelewa uanachama kamili wa shirikisho la soka la Afrika. Julai mwaka uleule wakavuliwa. Mtu mwingine angekunja jamvi. Desemba mwaka uleule wakaenda Kenya kwenye Chalenji, wakatufunga sisi wa Bara mbili kwa moja, wakaitoa Uganda nusu fainali, wakafika fainali wakashindwa na wenyeji Kenya kwa matuta tu. Mlango mmoja ulifungwa. Wao hawakuufanya kuwa milango yote.

Vijana wa Katavi, mnanisikia? Nyinyi mnapenda kusema, "Sisi wa huku Mpanda, nani atatuona?" Mnasema shule zetu za kata ni dhaifu, treni ni ya kusubiri, mji uko mbali. Yote ni kweli, sibishi. Lakini mko mbali kuliko timu isiyo na nchi ya kufanyia mazoezi?

FUNZO LA TATU: KUSHINDWA LEO SI KUSHINDWA KESHO

Katika CHAN hiyohiyo, Taifa Stars tuliifunga Madagascar mbili kwa moja kwenye kundi. Tulishangilia sana. Tukaongoza kundi. Kisha tukatolewa na Morocco robo fainali, bao moja. Na Madagascar tuliyoifunga? Ikamtoa Kenya, ikamtoa Sudan, ikafika fainali Nairobi, ikafungwa na Morocco tatu kwa mbili baada ya kupigana hasa. Aliyefungwa na sisi alifika mbali kuliko sisi.

Tazameni na hili jingine. Kombe la Afrika tulikwenda mara ya kwanza mwaka 1980, Nigeria. Tukangoja miaka thelathini na tisa kurudi, Misri 2019, tukafungwa mechi zote tatu. Januari 2024, Ivory Coast, tukapata sare mbili, pointi mbili, tukamaliza wa mwisho katika kundi na kurudi nyumbani. Desemba 2025, Morocco, tukafungwa na Nigeria mbili kwa moja, tukatoka sare na Uganda, tukatoka sare na Tunisia. Pointi mbili zilezile! Safari hii pointi mbili zikatuvusha hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yetu.

Jitihada ileile, pointi zilezile, mwaka mmoja mlango umefungwa, mwaka mwingine umefunguliwa. Nani anashika funguo? Kazi ya mja ni kutafuta sare yake kwa jasho. Milango ina Mwenyewe.

Na wala tusijidanganye. Tulivuka bila kushinda mechi hata moja, na Januari 4 wenyeji Morocco wakatutoa kwa bao moja la Brahim Diaz. Lakini waliotutoa walihangaika dakika tisini. Miaka ya nyuma tungefungwa mengi.

FUNZO LA NNE: HATARI YA KIBONDE NI SIKU BAADA YA USHINDI

Hili ndilo watu hawalizungumzi.

Saudi Arabia ilipoifunga Argentina, kesho yake ilitangazwa mapumziko nchi nzima. Furaha ina haki yake. Lakini kombe halikuisha siku ile. Waliobaki uwanjani mpaka mwisho, tarehe 18 Desemba, ni Argentina. Waliofungwa siku ya kwanza ndio waliobeba kombe, na walioshinda siku ya kwanza walikuwa nyumbani wakitazama televisheni.

Aliyefungwa alikwenda kujirekebisha. Aliyeshinda alikwenda kusherehekea.

Wanafunzi wa madrasa wanajua nakwenda wapi. Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Wapiga mishale hamsini waliwekwa mlimani chini ya Abdullah bin Jubayr (r.a.), wakaambiwa wasiondoke hata iweje. Ushindi ulipoonekana, wengi wao wakashuka kukimbilia ngawira. Mnajua yaliyofuata. Na Hunayn, mwaka wa nane, Waislamu walikuwa elfu kumi na mbili. Waliokuwa wachache Badri sasa ni wengi, na wingi wao ukawapendeza. Qur'ani katika Suratut Tawba inatukumbusha kwamba wingi ule haukuwafaa kitu mwanzoni mwa siku ile, mpaka Allah aliposhusha utulivu wake.

Kwa hiyo kibonde akishinda mara moja, ajue kwamba kuanzia hapo yeye naye ni kigogo, na kuna bedui mahali fulani anamlisha ngamia wake.

Ndiyo maana niliwapenda Morocco mwaka ule wa 2022 kwa jambo moja. Waliifunga Ubelgiji, wakaitoa Hispania kwa matuta, wakaitoa Ureno kwa bao la En-Nesyri, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Na kila waliposhinda waliweka vipaji vya nyuso chini. Sijdatu shukri. Mtu anayesujudu baada ya kushinda amekumbuka kwamba kichwa kilichopanda kina Mwenye kukishusha.

SASA TURUDI KWA KIJANA WA MBOLEA

Nimesema nitarudi kwenye neno lake: "Haiwezi kufungwa na wale."

Ndugu zangu, kamari inasimama juu ya uongo wa aina mbili. Wa kwanza ni kumwambia mtu kwamba kigogo hafungwi, kwa hiyo weka pesa yako, ni salama kama benki. Wa pili ni kumwambia kwamba kibonde leo atashinda, kwa hiyo weka elfu yako utoke na milioni. Uongo wa kwanza unapinga hadithi ya Al-Adhbaa. Uongo wa pili unageuza rehema ya Allah kwa wanyonge kuwa biashara. Somo ambalo Allah alilileta ili tunyenyekee na tufanye kazi, sisi tumelichukua tukalifanya mkeka.

Kuhusu hukumu sina haja ya kurefusha. Kamari imekatazwa katika Suratul Maida, imewekwa pamoja na ulevi, na tumeelezwa kwamba shetani anaitumia kutia uadui kati yetu na kutuzuia na kumkumbuka Allah na kuswali. Safu yangu ya watu wawili siku ile ni ushahidi.

Wapo wanaonijibu, "Shehe, kubeti kuna leseni, serikali inakusanya kodi." Ndiyo. Pombe pia ina leseni, umeanza kunywa? Wengine wanasema, "Fulani alipata laki nane akanunua pikipiki." Ndiyo, na Qur'ani haikukana kwamba mna manufaa ndani yake. Imesema madhara yake ni makubwa zaidi. Mwenye pikipiki mnamwona barabarani. Aliyepoteza mbolea humwoni, amejificha ndani kwa aibu. Ndiyo maana hesabu yenu siku zote inaonekana nzuri.

Lakini nisipojisema mwenyewe nitakuwa mnafiki. Miezi miwili kabla ya siku ile, kijana huyuhuyu alinijia baada ya Isha. Alikuwa anataka kukopeshwa fedha kidogo kutoka mfuko wa msikiti, aanze kufuga kuku. Mimi nilimtazama nikaona kijana wa kijiweni. Nikamwambia, "Kwanza uswali swala tano, halafu tutazungumza." Sikumuuliza hata kuku wangapi. Moyoni nilikwishaamua kwamba huyu hawezi. Na mimi ni imamu!

Kumbe sisi wote wawili tulikuwa na ugonjwa mmoja. Yeye alisema juu ya Saudi Arabia, hawawezi wale. Mimi nilisema juu yake, hawezi huyu. Tofauti ni kwamba yeye alipoteza mbolea, na mimi nilikaribia kumpoteza yeye.

Mwaka ule mahindi yao yalikuwa mafupi, majani ya njano. Wenzao walivuna, wao waliokota. Mama yake hakunilaumu, na kutonilaumu kwake ndiko kulikoniuma. Msimu uliofuata wazee wa msikiti tulikubaliana, tukamkopesha yule kijana, si fedha mkononi bali vifaranga na chakula chake. Nitakuwa mwongo nikiwaambia mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Aliacha kubeti miezi mitano, akarudi. Nikaambiwa, nikanyamaza, nikaendelea kupita bandani kwake kila Alhamisi kuulizia mayai. Akaacha tena. Leo hii ninapoandika ameacha. Kesho siijui. Namwombea, nanyi mwombeeni.

KWA AJILI YA JUNI

Basi Kombe la Dunia hilo linakuja, na vibonde wapo. Cape Verde, visiwa vya watu wasiofika hata laki sita, wamefuzu kwa mara ya kwanza, na waliongoza kundi lililokuwa na Cameroon. Allah ndiye ajuaye watafika wapi. Sisi tujiandae hivi:

1. Mechi nyingi kwetu zitaangukia usiku, nyingine usiku mkubwa mpaka karibu na Alfajiri. Kama huwezi kukesha na kuamka, lala. Matokeo utayakuta asubuhi. Alfajiri iliyokupita hairudi kwa marudio ya televisheni.

2. Usiweke hata shilingi mia. Usiseme "nabeti kidogo kwa kujifurahisha." Yule kijana alianza na mia tano.

3. Wazazi, fedha ya pembejeo na ada msimwachie kijana peke yake kwenye simu katika mwezi huo. Si kwa kumdharau. Ni kwa kumlinda.

4. Timu yako ikishinda, sema alhamdulillah, usimtukane mwenzako. Ikifungwa, kumbuka Al-Adhbaa, ukalale.

5. Na sisi maimamu na wazee: kila tunapopanda mimbari kusema kamari ni haramu, tujiulize tumemfungulia kijana mlango gani wa halali. Mfuko wa msikiti wenye laki mbili unaweza kuwa vifaranga. Usikae tu kungoja kununua zulia jingine.

Na mwisho, ewe ndugu unayesoma haya ukiwa umejikatia tamaa: huenda ukoo wako wanasema huwezi. Huenda imamu wako naye alishasema. Funga ngamia wako, mlishe, mfanyishe mazoezi. Mashindano yakifika, mpande. Ukishinda, sujudu. Ukishindwa, rudi ukamlishe tena.

Ewe Mola wetu, usitufanye wenye kiburi tukiwa juu wala wenye kukata tamaa tukiwa chini. Waepushe vijana wetu na kamari na kila pato la haramu, uwafungulie riziki ya halali yenye baraka. Wape amani ndugu zetu wa Sudan na kila aliyefukuzwa kwao. Tusamehe sisi tuliowadharau waja wako. Amin.

Mwenye kijana nyumbani amsomee. Mwenye swali aulize hapa chini, nitajibu baada ya Isha, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.